Jioni Moja Katika Maonyesho ya Dunia

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika siku ya mafunzo ya parokia)



 Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya yale Maonyesho ya Dunia niliyoyaona Italia mwaka 2015. Anasema nimekuwa nikiyataja kila tunapobishana juu ya ghala, na afadhali niyaseme yote mara moja tumalizane nayo. Basi.

Sisi tukisikia neno maonyesho tunafikiria siku za maonyesho ya kilimo: ng'ombe wa gredi, matrekta, mahindi ya kuchoma, na kipaza sauti kinachotangaza mtoto aliyepotea. Haya ya dunia ni ya ukoo huo huo, ila ni yule mjomba tajiri. Yalianza London mwaka 1851. Nchi nyingi hukutana mahali pamoja kwa miezi kadhaa, kila moja na banda lake, ikionyesha kile inachojivunia. Yale makubwa huja kila baada ya miaka mitano hivi. Baada ya Milano yalifuata ya Dubai, ambayo yalicheleweshwa na korona yakaanza Oktoba 2021, halafu ya Osaka, Japani, mwaka 2025.

Ya Milano yalifunguliwa tarehe 1 Mei 2015 yakafungwa tarehe 31 Oktoba. Watu zaidi ya milioni 20 walipita pale. Na kila maonyesho huwa na neno lake la kuongoza. La Milano lilikuwa juu ya chakula, namna ya kuilisha dunia. Ndiyo sababu nilitaka kuyaona. Kama ingekuwa ni mambo ya roketi ningebaki nyumbani kwa wenyeji wangu nikanywa chai.

Tulienda jioni, na sababu ilikuwa pesa. Tiketi ya mchana kutwa ilikuwa zaidi ya yuro 30. Ya jioni ilikuwa yuro 5, kama shilingi 550 za wakati ule. Mwenyeji wangu, mama mmoja mstaafu anayejitolea katika Caritas, alisema mchana ni wa watalii na watoto wa shule, jioni ni ya wenyeji. Tukapanda treni ya chini ya ardhi hadi mwisho wa njia, tukafika saa moja jioni. Msifikiri kulikuwa giza. Mwezi wa Juni kule jua halizami mpaka saa tatu usiku, na joto lake ni la Mombasa.

Ndani kuna barabara moja pana iliyonyooka, urefu wake kilomita moja na nusu, imefunikwa juu na maturubai makubwa meupe kama matanga ya jahazi. Mabanda yamejipanga huku na huku. Vaeni viatu vya kutembelea kama mtapata bahati ya kwenda mahali kama pale. Mimi nilivaa vile vya kanisani, na miguu yangu inakumbuka hadi leo.

Mabanda mengi hufungwa mapema kuliko uwanja wenyewe, kwa hiyo ilitubidi kuchagua. Banda la kwanza ukiingia lilikuwa la kueleza habari ya chakula tangu mwanzo wa binadamu. Nilipita haraka, lakini vyumba viwili vilinishika. Katika kimoja kulikuwa na ukuta mzima wa bei, namba zinazobadilika badilika, kama soko la hisa: ngano juu, mchele chini, watu wananunua na kuuza chakula ambacho hawatakigusa maisha yao yote. Katika kingine kulikuwa na mlima wa mabaki, mfano wa chakula kinachotupwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2011 kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinacholimwa kwa ajili ya watu hupotea au hutupwa, tani bilioni 1.3 kwa mwaka. Na shirika hilo hilo lilisema mwaka 2015 kwamba watu milioni 795 walikuwa na njaa. Mama mwenyeji wangu alizitazama hizo namba akasema kwao hutupwa jikoni. Nikamwambia kwetu hutupwa kabla ya kufika jikoni: fukuzi, ukungu, panya, na lori lililokwama matopeni. Alishangaa kidogo. Alidhani maskini hawapotezi chakula.

Sasa wakulima wa kahawa mnisikilize vizuri.

Nchi ambazo hazikuwa na uwezo wa kujenga banda lake peke yake ziliwekwa pamoja, lakini si kwa bara. Nyingi ziliwekwa kwa zao. Kulikuwa na mtaa wa mchele, mtaa wa kakao, mtaa wa viungo ambako jirani zetu wa Tanzania waliwekwa, na mtaa wa kahawa. Kenya ilikuwa kwenye kahawa, pamoja na Uganda, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Yemen na nyingine za Amerika. Nikaona bendera yetu, nikafurahi kama mtoto. Harufu yenyewe ilikukaribisha kabla hujafika. Na kutani zilitundikwa picha kubwa za watu wa mashambani, wachumaji na wabebaji, zilizopigwa na Sebastião Salgado, yule mpiga picha Mbrazili. Picha nzuri sana, nyeusi na nyeupe, mikono yenye mikunjo kama ya mama zetu.

Nilisimama pale nikapiga hesabu, na ninataka tuipige tena hapa.

Kikombe kimoja cha kahawa ya Kiitaliano ni kidogo, kama cha kunywea dawa. Kinahitaji gramu 7 hivi za kahawa iliyokaangwa na kusagwa. Mnajua wenyewe kwamba kilo 6 au 7 za kahawa nyekundu ndizo zinazotoa kilo moja ya kahawa safi, ile inayokwenda kuuzwa. Ikikaangwa inapungua tena uzito, karibu sehemu moja kwa sita. Kwa hiyo kilo moja ya kahawa nyekundu, ile uliyoichuma kwa vidole ukiwa umefunga kikapu kiunoni, inafika kule kama gramu 120. Hizo ni vikombe 17. Katika baa za Milano kikombe kilikuwa kama yuro moja, shilingi mia na kidogo. Vikombe 17 basi ni zaidi ya shilingi 1,700. Na mwaka ule kilo yako ya kahawa nyekundu ililipwa ngapi? Sitaji mimi. Nenda nyumbani utoe ile risiti ya sosaiti.

Haki isemwe pia. Katika hizo 1,700 kuna mwenye kiwanda cha kukoboa, meli, mkaangaji, kodi ya duka, umeme, na mshahara wa kijana anayeosha vikombe. Mimi si mtu wa kusema kila mfanyabiashara ni mwizi. Shida ninayoiona ni nyingine. Kati ya kikapu chako na kile kikombe kuna milango mingi, na kila mlango umefungwa. Unapeleka kahawa, unapewa risiti, unangoja miezi. Nani amechukua kiasi gani njiani, huoni. Pale Milano mchumaji alikuwa ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa, watu wanampiga picha. Aliye hai sikumwona hata mmoja jioni ile wa kuulizwa swali.

Tukatoka hapo tukaenda banda la Uswisi, na hili ndilo nililokuwa nikiwaambia siku zote.

Waswisi walijenga minara minne. Si ya mapambo. Kila mnara ulijazwa kitu kimoja cha kula au kunywa: mmoja maji, mmoja chumvi, mmoja kahawa, mmoja vipande vya matufaha yaliyokaushwa. Unapanda kwa lifti hadi juu, unaingia katika chumba, na vitu viko mbele yako katika vifurushi vidogo. Chukua unavyotaka. Hakuna bei. Hakuna askari. Hakuna anayekuandika jina. Kanuni ni moja tu, nayo inaelezwa kabla hujaingia: kilichowekwa ndicho hicho, na lazima kitoshe watu wote mpaka mwisho wa Oktoba. Kikiisha, kimeisha.

Na kadiri vitu vinavyopungua, sakafu ya mnara inashuka. Mtu aliye nje barabarani anaona kabisa kiasi kilichobaki. Haihitaji kuuliza.

Jioni ile chumvi ilikuwa bado nyingi. Nani atahangaika kubeba chumvi? Matufaha ndiyo yalikuwa yameshuka, na ilikuwa Juni tu. Nilisimama kando nikatazama watu wanavyochukua, maana hiyo ndiyo kazi yangu hata nyumbani. Kijana mmoja alichukua kifurushi kimoja, akala hapo hapo, akaenda zake. Bwana mmoja mwenye suti alifungua mkoba wake akajaza kahawa, bila aibu, huku akizungumza na simu. Halafu akaja bibi mmoja. Akahesabu kwa vidole, nadhani wajukuu, akachukua vifurushi vya matufaha sawasawa na vidole vyake, kama sita au saba. Mwenyeji wangu akaninong'oneza: "Huyu je, amekosa?"

Nami nikashindwa kujibu upesi. Hebu nanyi mjiulize. Ukigawa kwa kichwa, bibi amechukua mara saba ya kijana. Ukigawa kwa nyumba, amechukua haki yake. Yule wa suti sina shaka naye. Lakini huyu bibi nimemfikiria miaka yote hii, kwa sababu katika vikundi vyetu hatugombani sana juu ya wezi. Tunagombana juu ya bibi.

Nikamwuliza msichana aliyekuwa akihudumu pale, na wengi wao huzungumza Kiingereza, "Na yule atakayekuja Oktoba?" Akainua mabega akacheka, akasema hilo ndilo swali la banda zima, na kwamba watu wengi hutoka bila kuliuliza.

Sasa nitasema maoni yangu. Kuacha mlango wazi na kumwachia kila mtu dhamiri yake ni funzo zuri sana pale Milano, kwa sababu hakuna mtu katika ile foleni aliyekuwa na njaa. Matufaha yakiisha, mtu anakwenda banda la pili ananunua aiskrimu. Kwetu ghala likiisha mwezi wa Aprili, kuna nyumba ambayo sufuria haitapanda jikoni. Huwezi kufanyia mchezo wa dhamiri juu ya mtoto wa mtu. Kwa hiyo wale wanaosema katika mikutano yetu kwamba sisi ni Wakristo, mlango uwe wazi, kila mwenye shida achukue, nawaheshimu, lakini siko pamoja nao. Atachukua wa kwanza kufika, na wa kwanza kufika ni yule anayeishi karibu na ghala na mwenye punda.

Lakini kuna jambo ambalo Waswisi walifanya vizuri kuliko sisi, nalo ni ile sakafu inayoshuka. Kiasi kilichobaki kilionekana na kila mtu, hata asiyejua kusoma, hata mpita njia. Linganisheni na ile kahawa. Kule, chakula cha wote kiko wazi unakiona kinavyopungua. Huku, jasho lako linapita milango saba gizani. Na ghala letu je, linafanana na lipi? Lina kufuli mbili. Lina daftari. Daftari linakaa kwa katibu, katibu anakaa ng'ambo ya mto.

Tulipotoka mle, banda la Vatikani lilikuwa limeshafungwa. Tukalizunguka kwa nje, maana ukutani waliandika kwa lugha nyingi yale maneno ya Baba Yetu ya kuomba mkate wa kila siku. Juma lile lile, tarehe 18 Juni, ulitoka ule waraka wa hayati Baba Mtakatifu Fransisko, Laudato Si', juu ya kuitunza dunia iliyo nyumba yetu sote. Na siku ya ufunguzi yeye mwenyewe alikuwa ametuma ujumbe kwa video, akiwaomba wote watakaopita mle wakumbuke nyuso za watu wasio na chakula. Nadhani aliona mbele. Katika mataa yale na muziki ule ni rahisi sana kusahau nyuso.

Caritas nao walikuwa na kibanda chao, na neno lao lilikuwa juu ya kugawa ili kuzidisha. Ndani waliweka gari kuukuu la Kimarekani, Cadillac, limezungukwa na mikate iliyofungwa kwa magazeti. Ni kazi ya msanii Mjerumani, Wolf Vostell. Mwenyeji wangu alinieleza maana yake kwa muda mrefu. Mimi niliona gari na mikate. Wengine tumeumbwa hivyo.

Kulipokuwa giza watu wote walikimbilia penye bwawa, ambapo kulikuwa na kitu walichokiita Mti wa Uzima, cha mbao na chuma, urefu wake mita 37. Unawaka taa za kila rangi, maji yanaruka, muziki unapigwa, watu wanapiga makofi. Ulipendeza, siwezi kukataa. Niliwaza bili ya umeme.

Msinielewe vibaya mkadhani Waitaliano wote waliyapenda mambo haya. Siku ya ufunguzi palikuwa na maandamano mjini Milano, na magari yakachomwa moto. Wengine waliuliza inakuwaje maonyesho ya kulisha dunia yawe na mabanda ya Coca-Cola na McDonald's. Hati iliyoandikwa pale juu ya haki ya kila mtu kupata chakula alikabidhiwa Ban Ki-moon, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mwezi wa Oktoba mwaka ule. Hati ni kitu kizuri. Sijawahi kuona hati ikichemka.

Ila kuna chungu kilichochemka kweli, na hicho sikukiona kwenye uwanja. Nilielezwa kwenye treni tukirudi usiku. Katika mtaa uitwao Greco, mjini Milano, palikuwa na jumba la zamani la michezo ya kuigiza la parokia, halitumiki. Mpishi mashuhuri, Massimo Bottura, pamoja na Caritas ya jimbo kuu lile, wakaligeuza kuwa chumba cha kulia. Wakawa wanachukua vyakula vinavyobaki kule kwenye maonyesho, mikate ya jana, ndizi zilizoiva mno, mboga zilizonyauka kidogo, na wapishi wakubwa kutoka nchi mbalimbali wanakuja kwa zamu kuvipika. Wanaokula ni watu wasio na makao, karibu mia kwa jioni. Na hawapangi foleni na sahani mkononi. Wanaketi mezani, wanaletewa, kama wageni wa harusi. Mwenyeji wangu alikuwa mmoja wa wanaobeba sahani. Alisema mara ya kwanza wengine walikataa kuketi, wakidhani ni kosa, ile meza si yao.

Maonyesho yalipofungwa, mabanda mengi yalibomolewa au kuhamishwa. Kile chumba cha kulia kiliendelea. Waliacha kupokea mabaki ya maonyesho, wakaanza kupokea ya masoko na maduka.

Haya, turudi hapa tulipo. Vikundi vitano mmeweka mahindi yenu pamoja, na kuna maneno. Wengine wanataka tugawane sasa gunia kwa gunia, wengine tungoje bei ipande tuuze, na wengine mlango uwe wazi. Hilo la mwisho nimeshalisemea. Juu ya hayo mawili ya kwanza mtaamua wenyewe leo kwa kura, mimi sina gunia mle. Naomba tu kabla ya kura mtenge sehemu ya yule atakayekuja Oktoba. Mnamjua. Ni mama ambaye mvua ilimruka, na yule aliye hospitalini na mgonjwa wake, ambaye hata leo hayuko hapa kunyoosha mkono. Na juu ya bibi mwenye wajukuu, amueni mapema kama mnahesabu vichwa au nyumba. Msingoje mpaka asimame mlangoni.

Jana jioni tulihesabu, mimi, mzee wa ufunguo na mlinzi. Ghala lina magunia 64. Madaftari ya vikundi yakijumlishwa yanasema 66. Sijasema neno juu ya mtu yeyote. Pengine ni hesabu, pengine ni gunia lililopasuka likaunganishwa na jingine. Fundi ametengeneza ubao mweusi, utapigiliwa nje ya ghala upande wa barabara, na kila Jumamosi idadi itaandikwa hapo kwa herufi kubwa, pamoja na michoro ya magunia kwa ajili ya wasiosoma. Chaki ninayo mimi. Baada ya chai, waweka hazina wote watano wachukue madaftari yao tuvuke kwenda ghalani, tuhesabu tena kila mtu akitazama, ndipo tuandike namba ya kwanza.